Msimu Ambao Maduhu Alishuka Daraja

Mafuta ya kamongo yakiungua katikati ya mti na mti yanatoa harufu ambayo sijaikuta tena mahali pengine popote. Ni nzito, ina moshi kidogo, na ndani yake kuna samaki, ila si samaki wa kuliwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya mwendo kasi. Nilikuwa na miaka kama kumi, tukikaa kwenye kilima kimoja kati ya Usagara na Ziwa Victoria, mahali ambapo mawe makubwa yamekalia mawe makubwa mengine, utafikiri kuna mtu aliyapanga akasahau kurudi kuyachukua. Juu kabisa palikuwa na ghala la pamba lenye bati jeupe na mlango mpana, na kutoka mlangoni pale barabara ya changarawe iliteremka moja kwa moja mpaka kisimani. Asubuhi ukisimama pale mlangoni ulikuwa unaliona ziwa linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Jumamosi jioni huoni ziwa, unaona vumbi letu. Kila kiangazi, pamba ikishachumwa na kupimwa, sisi watoto wa kilima kile tuliteremka barabara ile juu ya magari ya mbao, na magurudumu yalikuwa yanalia mpaka wazee wanaacha mazungumzo yao wanasubiri tupite.

Gari lilitengenezwa hivi. Unatafuta ubao, mara nyingi wa kitanda kilichovunjika. Chini yake unafunga miti miwili kwa kamba ya katani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ule wa mbele unauacha ulegee kidogo ili uweze kuuvuta kwa kamba kulia na kushoto. Magurudumu ni vipande vya gogo, na tundu la katikati unalitoboa kwa chuma kilichokaa kwenye moto mpaka kikawa chekundu. Breki ni kisigino chako. Kazi yote hiyo kila mtu aliijua. Tofauti ilikuwa kwenye mafuta, maana tundu kavu halikimbii, tena linawaka. Sospeter, ambaye baba yake alikuwa mvuvi kutoka Ukerewe, ndiye aliyetuletea mafuta ya kamongo, na wavulana wote wakayachukua. Mimi sikuweza. Nyumbani kwetu wanawake hatukula kamongo wala hatukumgusa, na mama hakutaka hata harufu yake ivuke kizingiti. Basi mimi nilipaka siagi. Kutikisa kibuyu cha maziwa ilikuwa kazi yangu kila asubuhi, na kidole kimoja cha siagi kikipotea njiani hakuna aliyehesabu. Kaka yangu Maduhu alinicheka. Aliniambia, "Minza, gari lako linanuka kama mtoto mchanga."

Maduhu ndiye aliyeanzisha mambo yote haya. Alikuwa amenizidi miaka mitatu, mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na akisema kitu tulikuwa tunakiamini kabla hajamaliza. Mwaka mmoja baba alituchukua mpaka njia panda ya Usagara kutazama magari ya mashindano yakipita kutoka mbali huko, nchi hata nchi. Tulisimama tangu asubuhi, tukala mihogo yetu yote, ndipo tukayasikia, sauti kama mvua ya mawe juu ya bati. Yalipita saba. Yamejaa tope mpaka madirishani, yana namba kubwa milangoni, na la mwisho lilikuwa limepasuka taa moja. Njia nzima ya kurudi Maduhu alikuwa akigeuka kutazama vumbi lao. Siku zile zile baba yetu mdogo Lukas alikuwa amenunua redio, na jioni alikuwa akitusimulia habari za mpira wa huko mijini, kwamba timu ikiwa ya mwisho inashuka daraja, na ya kwanza kutoka chini inapanda kuchukua nafasi yake. Maduhu akayachukua yale mawili akayatia kwenye chungu kimoja. Akasema magari nayo yatakuwa na ligi.

Kabla ya hapo mbio zetu zilikuwa vurugu tupu. Wakubwa wanatangulia, wadogo tunakula vumbi, kesho hivyo hivyo, na kila mara mmoja anarudi nyumbani analia. Maduhu akatugawa. Daraja la Juu magari manne: yeye mwenyewe, Sospeter, Kulwa mtoto wa jirani, na Kokushubila, binti wa karani wa ghala. Hao walikimbia barabara kubwa, toka ghalani mpaka kisimani. Daraja la Chini magari manne: mimi, Doto ambaye ni pacha wa Kulwa, Lushinge, na Kabula mdogo aliyekuwa akifunga macho kwenye kona. Sisi tulipewa njia fupi nyuma ya zizi letu, yenye mbolea na mashimo ya kwato. Mama yao Kulwa na Doto hakufurahi hata kidogo. Alikuja kumuuliza mama yangu ni sheria gani hiyo inayotenganisha mapacha, mmoja anakimbia barabarani na mwingine kwenye mavi ya ng'ombe. Lakini Doto mwenyewe hakutaka kupandishwa kwa kuonewa huruma. Kila Jumamosi, kwa Jumamosi nane, wa kwanza anapata pointi nne, wa pili tatu, wa tatu mbili, wa mwisho moja. Msimu ukiisha, mwenye chache kabisa juu anashuka, mwenye nyingi kabisa chini anapanda.

Kuziweka hesabu hizo tulikuwa wawili. Kokushubila alikuwa anasoma darasa la tano na anaandika vizuri, basi alichukua chaki akaandika majina yetu yote nane kwenye ukuta wa nyuma wa ghala, na kila Jumamosi akaongeza namba. Mimi shule yangu iliishia darasa la pili, ng'ombe na wadogo zangu wakanihitaji. Kwa hiyo niliweka kichwani. Sikujilazimisha, zilikaa zenyewe. Hata leo niulize ng'ombe wa baba mmoja mmoja nitakutajia, na nani alimzaa nani. Mwanzoni Kokushubila alikuwa akinipima. Ananigeuzia uso nisiuone ukuta, ananiuliza Jumamosi ya pili Lushinge alipata ngapi, namwambia, anatazama ukutani, anacheka. Baadaye akaacha kunipima, ikawa yeye akisahau ananiuliza mimi.

Msimu ulianza Maduhu akiwa mfalme. Jumamosi ya kwanza nne, ya pili nne. Alikuwa akifika kisimani, anashuka, anakunywa maji kwa kiganja, na wenzake bado wako kwenye kona ya mawe. Kisha likaja kosa lake. Kwa kuwa mama alikataza kamongo asivuke kizingiti, Maduhu alikuwa akilipaka gari lake mafuta Ijumaa jioni na kuliacha nje, kando ya zizi. Tena hakupaka kidogo kama wenzake. Aliona kama kidogo kinakimbiza, basi kingi kitarusha, akazilowesha mpaka zile kamba za katani. Tulikuwa na mbwa wawili, Simba na Chausiku. Walilala njaa siku zao zote, na usiku ule wakaletewa karamu. Asubuhi gari lilionekana zima, ila kamba za nyuma zilikuwa zimetafunwa mpaka zimebaki nyuzi. Maduhu hakukagua. Alipofika katikati ya mteremko mti wa nyuma ukajifungua na kwenda zake peke yake, ukampita Sospeter, ukatangulia kisimani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sospeter akauliza kama ule mti upewe nne zake.

Mtu mwingine angejifunza. Maduhu alifunga kamba mpya, akasema mbwa hawawezi kurudia jambo lile lile, akapaka zaidi. Jumamosi ya nne mbwa wamerudia. Nilimwambia apake siagi, nitamwibia ya kutosha. Akanijibu kwamba dereva wa Daraja la Juu hapaki siagi. Ya tano akalilaza gari juu ya paa la banda la kuku, akapata tatu, akaanza tena kutembea kifua mbele. Ya sita moja. Ya saba gurudumu lilipasuka vipande viwili, moja tena. Na wakati huo Kulwa, ambaye hakuwahi kuwa hodari, alikuwa anaokota mbili hapa na tatu pale, taratibu, kama kuku.

Mambo yangekuwa mchezo tu kama si Mjomba Selemani. Huyo alikuwa dereva wa lori lililobeba pamba yetu kwenda Mwanza, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, naye alikuwa akilisimamisha lori lake chini ya ghala kila Jumamosi ili aone mbio. Katikati ya msimu akatuambia kwamba safari ya mwisho ya pamba, wale wanne watakaokuwa Daraja la Juu msimu ukiisha atawapakia juu ya marobota, awapeleke Mwanza wakaone mji na meli, na jioni awarudishe. Hakuna mtoto pale aliyewahi kufika Mwanza isipokuwa Kokushubila. Sisi ziwa tuliliona kila siku, ila meli tuliziona kama nukta. Mimi nilikuwa naongoza Daraja la Chini kwa mbali, siagi yangu haikuliwa na mbwa kwa kuwa gari langu lililala ndani, kwa hiyo nafasi moja kati ya zile nne ilikuwa yangu. Nilimwendea mama kumwomba ruhusa. Mama alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa. Alisema nitakwenda kama Maduhu anakwenda, kwa sababu mtoto wa kike hapandi lori la watu bila kaka yake. Nikasema sawa, kwani wakati huo sikuona tatizo.

Siku mbili kabla ya Jumamosi ya nane, zilikuja habari kwamba mkaguzi wa pamba anafika. Bwana Karani, baba yake Kokushubila, alikuwa mtu wa usafi. Alifagia ghala, akapanga mizani, akazunguka nyuma, akakuta ukuta mzima umejaa majina ya watoto. Akauosha kwa maji na sabuni. Kokushubila alilia kweli kweli. Alikimbia mpaka kwetu, akaniambia hesabu zote zimekwenda, hakuna alichonakili popote. Kisha akanitazama, akafuta machozi, akasema basi zimebaki kwako. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, na nakumbuka nilihisi uzito wake umeongezeka.

Jumamosi ile kilima kizima kilikuja, hata mama, hata Bwana Karani aliyejisikia vibaya kwa ajili ya ukuta. Kwetu chini nilishinda kwa urahisi. Juu, Kokushubila alifika wa kwanza, Kulwa wa pili, Maduhu wa tatu, na Sospeter akawa wa mwisho baada ya kuingia kwenye mkonge. Watoto wakakimbilia kisimani wakanizunguka. Kila mtu alijua kwamba Kokushubila na Sospeter wako salama, na kwamba anayeshuka ni Maduhu au Kulwa. Lakini kati ya wale wawili hakuna aliyekuwa na uhakika, isipokuwa mimi. Kulwa alikuwa na kumi na nane. Kaka yangu alikuwa na kumi na saba.

Naomba mnielewe hali niliyokuwamo. Nikisema Kulwa anashuka, hakuna ukuta wa kunisuta. Kaka yangu anabaki, mimi nakwenda Mwanza naye, mama amekwisha kubali. Nikisema Maduhu, yeye hapandi lori, na kwa amri ya mama nami sipandi. Tena watu walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba nitampendelea. Mama yake Kulwa alisema kwa sauti, akimwambia jirani lakini akitaka nisikie, kwamba mtoto atamtaja nani kama si mwana wa nyumba nyingine. Maduhu alikuwa amesimama na kamba ya gari mkononi. Hakunikonyeza wala hakunitisha. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri chakula chake.

Nikasema, "Anashuka Maduhu."

Zikalipuka kelele. Aliyekuwa mkali zaidi ni Maduhu mwenyewe. Alisema nimekosea, kwamba Jumamosi ya sita yeye alikuwa wa tatu na Kulwa wa mwisho, na ukibadilisha hapo basi Kulwa ndiye mwenye kumi na saba. Kulwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema yeye hakumbuki vizuri. Sospeter akasema na yeye hakumbuki, alikuwa mbele. Nikaona sina njia nyingine ila kuanza mwanzo. Nikaanza na Jumamosi ya kwanza. Nikataja nani alifika wa ngapi, juu na chini, na nikaweka alama za siku: siku ambayo Kabula alifumbua macho kwa bahati mbaya akaanguka, siku ambayo mti wa Maduhu ulitangulia kisimani, siku ambayo Lushinge alivaa suruali ya baba yake ikanaswa kwenye gurudumu. Kila nikitaja, mtu mmoja anaitikia, ndiyo, siku ile ya suruali, mwenyewe Lushinge alikuwa anaficha uso. Nilipofika ya tano hakuna aliyekuwa anabisha. Nilipofika ya sita walisogea.

Nikasema siku ile ng'ombe wa Mzee Ng'wandu walikuwa wanapanda kutoka kunywa maji wakati magari ya Daraja la Juu yanashuka, nami nilikuwa natazama kutoka kwenye mawe. Sospeter na Kokushubila walikuwa wamekwisha kupita. Kulwa aliangukia upande wa mawe, gari likapinduka, akaliburuta kwa miguu mpaka kisimani, na ndiyo maana mtu anaweza kudhani alikuwa wa mwisho. Maduhu alikuwa anamfuata. Angeweza kumpita. Ila palikuwa na ndama mwekundu mwenye baka jeupe kwenye goti, amesimama katikati ya barabara, amemwita mama yake akachoka. Maduhu aliweka visigino vyote viwili chini mpaka changarawe ikaruka. Akashuka, akamsukuma yule ndama pembeni kwa mikono miwili, ndipo akapanda tena. Alipofika chini Kulwa alikuwa amekwisha kukaa anatoa miiba.

Wote tukamgeukia Maduhu. Alikuwa anautazama mguu wake, kisigino, na najua alikuwa anakumbuka ile changarawe. Angeweza kukataa bado. Neno langu lilikuwa moja, na lake lilikuwa la mtu mkubwa.

"Alikuwa jike," alisema. "Yule ndama. Alinilamba mkono."

Basi yakaisha hapo. Akalibeba gari lake kichwani, lote na magurudumu yake, akaondoka nalo kuelekea nyuma ya zizi, na Doto akakimbia kumwonyesha mahali pa kuliweka, kwa furaha isiyofichika kwamba mfalme anahamia kwao. Mama yake Kulwa alinijia, akanishika kidevu. Mimi nililia njiani kurudi nyumbani, na si kwa ajili ya Maduhu, nasema kweli. Nililia kwa ajili ya meli.

Jioni nilikuwa nasonga ugali nikamsikia Maduhu nje anazungumza na mama. Alikuwa anamweleza kwamba mke wa Bwana Karani naye atapanda lori, ana safari yake ya kununua vitambaa, na atakaa na Kokushubila na mimi. Mama alisema neno lake ni lile lile, kaka hayumo. Maduhu akasema, "Mama, sheria ya kushuka nimeitunga mimi. Sikumtungia Minza." Mama akauliza kama lori lina kamba za kushikilia.

Nilikwenda Mwanza nikiwa nimevaa gauni la Kokushubila lililonizidi. Nilikaa juu ya marobota, pamba ikiniwasha shingoni, upepo wa ziwa ukinipiga machoni. Niliona meli kwa ukaribu, ukubwa wake ulinitisha, nikaona watu wakipanda na kuku. Niliona duka lenye vioo mbele, na mawe yale yale ya kwetu yakiwa yamesimama ndani ya maji, nikashangaa kwamba mji nao umejengwa juu ya kilima kama sisi. Kila nilichokiona nilikiweka kichwani kwa mpangilio kwa ajili ya Maduhu. Niliporudi nilimsimulia jioni tatu mfululizo, na akinikatiza kuuliza bomba la moshi la meli lilikuwa na rangi gani, namjibu. Baadaye yeye ndiye alikuwa akiwasimulia wengine Mwanza, kama aliyekwenda.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuja kiangazi kilichofuata. Mimi nilikuwa juu, kwenye barabara kubwa niliyoitamani, na nikakuta hakuna watu. Wote wamehamia nyuma ya zizi. Walitaka kuona Maduhu atafanyaje kwenye mbolea. Aliziba mashimo ya kwato, akapanga mawe kwenye kona, akamfundisha Kabula kwamba ukifumba macho kona haiondoki. Doto akawa dereva wa maana sana. Mjomba Selemani akahamisha lori lake akalisimamisha zizini. Na Maduhu alipaka siagi. Aliniomba mwenyewe, kwa adabu, na mimi nilimtikisia kibuyu zaidi ya kawaida. Mwisho wa msimu alipanda, na aliyeshuka nilikuwa mimi, kwa tofauti ya mbili. Niliitangaza mwenyewe. Hakuna aliyebisha.

Sasa mimi ni bibi, nakaa Buzuruga, hapa Mwanza, kwa binti yangu, na harufu ninazoziamkia ni za mafuta ya dizeli na chapati kutoka stendi. Mjukuu wangu Joyce anapenda mashindano ya magari. Jumapili anakaa mbele ya televisheni na magari yake yale ya bapa, yanayokwenda kwa kasi mpaka jicho langu linachelewa, na mimi nakaa naye kwa sababu napenda kumtazama anavyopenda. Kila kitu kinaandikwa pale, nani yuko wapi, kwa sekunde ngapi, hakuna anayeweza kubisha na hakuna anayehitajika kukumbuka. Nimekwisha kuwajua wote kwa majina. Mwaka ulipoisha nikamuuliza Joyce, huyu wa mwisho amekwenda wapi. Akaniambia, "Haendi popote, Bibi. Mwakani wanaanza wote tena." Nikauliza na wa chini, anayepanda ni nani. Akasema hapandi mtu. Nilisikitika. Gari lile lilikuwa la mwisho mwaka mzima, mtu anazunguka nyuma ya wenzake wiki hata wiki, na hakuna kinachoweza kumpata, kibaya wala kizuri.

Basi tukakaa chini, Joyce na simu yake na mimi na kichwa changu, tukawapangia ligi. Kumi juu, kumi chini. Wa juu wabaki kwenye zile barabara zao laini. Wa chini tukawatafutia barabara ya Misungwi, siku ya mnada wa ng'ombe, wajifunze kupisha. Joyce alicheka akasema matajiri wenye magari hawatakubali kushushwa. Nikamwambia hata kwetu aliyetunga sheria hakukubali mara moja. Akachukua matokeo ya mwaka mzima, mbio moja moja, tukagawa upya. Ilituchukua alasiri nzima, chai ikapoa. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Kulikuwa na njaa, na mimi shule nilikatishwa, na Joyce huyu anamaliza chuo, namshukuru Mungu. Ila nikipima huku na kule, naona sisi tulikuwa na mahali pa kumweka aliyeshindwa. Palikuwa na njia, palikuwa na watu wa kumpokea, na palikuwa na Jumamosi nyingine. Hawa wa leo wana kila kitu isipokuwa nyuma ya zizi.

Tulipomaliza nilitaka kaka yangu asikie. Maduhu yuko Misungwi, macho yamepungua nguvu, mdomo bado mzima. Joyce akampigia, akamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa kwa urefu wote, habari za masomo, habari za mchumba, kisha nikapewa simu. Nikamweleza ligi yetu yote, juu na chini, na kwamba tumekwisha kupata anayepanda na anayeshuka. Nilidhani ataniuliza bingwa ni nani, au ni gari la nchi gani. Nikamsikia anavuta kiti.

"Minza, nitajie huyo aliyeshuka," alisema. "Msimu ujao mimi niko na huyo."

Nikamtajia. Ni jina gumu la Kizungu, lina herufi zinazogongana. Akaniomba nirudie polepole, akalishika kipande kimoja kimoja, mpaka akaweza kulisema lote bila mimi.